Kioo cha Mwarobaini

Steji yetu ya boda, hapa kati ya Mtwapa na Kilifi, ina mwarobaini mmoja mkubwa. Vijana huegesha pikipiki chini yake, jua likiwaka hulalia matangi, na kwenye tawi la chini walitundika kioo. Hakikuwa kioo cha dukani. Kilikuwa kioo cha pembeni cha gari, saidimira kama waitavyo wao, kimepasuka kona moja, kimefungwa kwa waya wa uzio. Walichania nywele humo, wakanyolea ndevu humo, na mwenye chunusi alizikagua humo kabla ya kwenda kwa mchumba. Mimi nami nilikitumia. Zaidi ya miaka mitatu, nikitoka msikitini nikipita hapo, nilijitazama nione kama kofia imekaa sawa.

Kioo hicho ndicho kingemlipia mpwa wangu mguu.

Nasimulia kisa hiki mwenyewe kwa sababu siku ile nilikuwepo. Nilikuwa mtu mzima pekee pale, mwalimu mstaafu ambaye vijana wale nusu yao niliwafundisha kusoma, na neno lililoharibu kila kitu lilitoka kinywani mwangu.

Ilikuwa Februari 2022, usiku wa kuamkia Jumamosi, baada ya Isha. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amemshusha abiria Vipingo, mama mmoja na ndoo yake ya samaki, akawa anarudi mtupu. Pikipiki si yake. Ni ya tajiri, na kila jioni alitakiwa kupeleka hesabu. Kinachozidi ndicho chake. Karibu na mashamba ya mkonge pikapu nyeupe ikampiga kwa nyuma, ikamburuta, ikayumba, kisha ikashika njia ya Kilifi. Muuza mahindi ya kuchoma aliyekuwa ng'ambo ya barabara alituambia jambo ambalo bado linaniuma kuliko hata mguu wenyewe. Alisema, "Alipunguza mwendo kama mtu anayetaka kusimama. Halafu akazima taa."

Nilipofika nilimkuta kijana amelazwa juu ya leso ya mtu, paja limepinda mahali pasipokuwa na kiungo. Vijana wa boda wapata ishirini walikuwa wamekwisha kusanyika, wengine wameshika mawe na hawana wa kumrushia. Lami ilikuwa na vipande vya plastiki nyekundu na ya machungwa, kiatu kimoja, na kioo cha pembeni kilichong'oka pamoja na kifuniko chake cheupe. Kijana mmoja akakiokota. Nilimwona kwa macho yangu akikigeuza geuza, akakipangusa kwenye suruali, akakitia kwenye jaketi.

Mwenziwe akaniuliza, "Mwalimu, twende tukapige ripoti?"

Nikauliza habari za leseni. Ilikuwa imeisha muda miezi minne. Bima ya pikipiki? Hakuna aliyejua, hata tajiri mwenyewe alipopigiwa simu alikohoa tu. Taa ya nyuma? Waya ulikatika tangu wiki iliyopita. Lile koti la kung'aa? Liko nyumbani, msumarini. Basi nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, "Polisi tutaenda tukishajua la kusema. Mkienda leo mtamfungulia kesi mgonjwa."

Waliniamini. Tukampakia kwenye tuktuk, tukaondoka, na magari yaliyofuata yakasaga vile vipande vya plastiki vikawa vumbi.

Nilikuja kujua baadaye nilikosea wapi. Leseni iliyoisha ni kosa lake na ina faini yake, lakini haimpi mtu mwingine ruhusa ya kukugonga kwa nyuma na kukuacha barabarani. Haya ni mambo mawili, na mimi niliyafunga kamba moja. Mahakama zetu zikimkuta mwendesha pikipiki naye alizembea, tuseme hakuwa na taa ya nyuma au hakuvaa helmeti, hazimfukuzi. Humgawia sehemu yake ya lawama na kuikata kwenye fidia. Aliyestahili laki kumi, akionekana amechangia ajali kwa asilimia ishirini, huondoka na laki nane. Mimi kwa kuogopa ile asilimia ishirini nikatupa zote mia. Na kwa upande wa dereva, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 73, inasema waziwazi: asimame, atoe jina lake na la mwenye gari, na kama hakufanya hivyo, aripoti kituo cha polisi haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Kwa hiyo usiku ule aliyekuwa na sababu ya kuogopa polisi ni yeye. Sisi tulimsaidia kuogopa.

Asubuhi tajiri alifika kabla ya chai. Hakuja kuuliza mgonjwa. Alikuja kuchukua chombo chake. Madigadi ya nyuma ilikuwa na mchirizi mrefu wa rangi nyeupe, na fremu imepinda kushoto. Ushahidi bora kuliko huo mkaguzi wa magari hapewi: urefu wa mchirizi kutoka ardhini unamwambia bampa ilikuwa ya gari la namna gani, na mpindo unamwambia lilitoka upande upi. Kufikia Jumatatu madigadi ilikuwa mpya, fremu imechomelewa, na kijana mwingine anaiendesha. Simlaumu sana tajiri. Chombo kisipotembea hakileti. Lakini pikipiki iliyogongwa haipaswi kuguswa na fundi mpaka polisi waione, na hilo hakuna mtu aliyelijua pale stejini, hata mmoja, pamoja na wingi wetu wa maneno.

Hospitalini tulidaiwa pesa kwanza. Hapa napenda kusema jambo moja kwa anayesoma, maana wengi huliacha lipite: Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Litaje kwa adabu, ukiwa umesimama mlangoni, na utaona mtu anakwenda kumwita mkubwa wake. Sisi tulilitaja kwa sababu muuguzi mmoja alitunong'oneza. Mgonjwa akaingizwa, akatiwa chuma kwenye paja, akakaa wodini wiki saba. Kadi yake ya bima ya afya ya NHIF, siku hizo kabla mambo hayajahamia SHA, ilikuwa haijalipiwa tangu mwaka uliotangulia. Dada yangu akauza mbuzi wanne na cherehani.

Risiti? Zilikuwepo. Za dawa, za picha za eksirei, za teksi, za magongo. Dada aliziweka kwenye mfuko wa nailoni jikoni, na masika ilipofika, kuni zikiwa mbichi, akaziwashia moto moja moja. Sikuwa na la kumwambia, maana nami sikujua. Mahakamani, hela iliyotoka mfukoni hairudi kwa kuapa. Hurudi kwa karatasi. Maumivu yenyewe hakimu huyakadiria kwa kuangalia ripoti ya daktari na kesi zilizotangulia, lakini gharama ya panado hawezi kuikadiria. Ataitaka risiti ya panado.

Na kipato je? Mtu wa boda hana hati ya mshahara. Ana ujumbe wa M-Pesa. Siku hizi nikimwona kijana anafuta jumbe zake ili simu ipate nafasi ya kupakua miziki, mkono hunisisimka nimpige kibao, kama zamani.

Ilikuwa huko wodini alipokuja yule bwana mwenye faili la plastiki. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ananukia. Alizunguka vitandani akiuliza waliovunjika miguu, kama mnunuzi mnadani. Kwa mpwa wangu alikaa chini kabisa, akamwita "ndugu yangu", akauliza gari lilikuwa la namba gani. Alipoambiwa halijulikani, hakushtuka. "Hilo si tatizo," akasema. "Tutatafuta gari lenye bima nzuri, tuseme ndilo. Nyinyi mtanipa elfu tano za kufungua faili."

Mpwa wangu alitaka kukubali. Alikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu hukubali lolote linaloanza na neno "tutalipwa". Mimi nilikataa, na hili ndilo jambo pekee nililofanya sawa katika kisa kizima. Kumbandikia ajali mtu ambaye hakuwepo ni wizi, na wizi huo ukigundulika anayefungwa ni aliyetia sahihi, yaani mgonjwa. Mwenye faili hapatikani tena. Wakili wa kweli hana haja ya kuwinda vitandani. Jina lake unaweza kulikagua kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, uone kama ana cheti cha mwaka huo. Yule bwana nilimuuliza jina lake kamili. Akasema ana mgonjwa mwingine wa kumwona.

Siku zile zile, Machi 2022, nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za dereva mwanamke aliyevamiwa na kudhalilishwa na waendesha boda Nairobi, kwenye barabara ya Profesa Wangari Maathai, baada ya ajali. Serikali ikatangaza msako. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mpwa wangu nikisikiliza redio, na nikakumbuka yale mawe mikononi mwa vijana wetu. Simtetei yule wa pikapu; aliyezima taa alizima kwa makusudi. Lakini tusijidanganye. Wapo madereva wanaokimbia kwa sababu wanajua wakisimama watachomewa gari wakiwa ndani. Kundi likichoma gari, limechoma na bima, na stika, na namba, na dereva mwenye pesa za kulipa; na aliyewasha kiberiti ameshakuwa mshtakiwa katika kesi ambayo rafiki yake alikuwa mlalamikaji. Hasira ya steji ina gharama, na kila mara bili hupelekwa kwa majeruhi.

Mwishoni mwa mwaka ule nilisikia kuna wakili anayetoa ushauri bila malipo Mombasa siku fulani za wiki. Nikaenda, mpwa wangu akiwa na magongo. Tulimkuta mwanamke kijana, mpole, mwenye kuuliza maswali mafupi.

"Mwalimu, mna namba ya OB?"

Hatukuwa nayo. OB ni kile kitabu kikubwa cha matukio kituoni. Tukio likiandikwa humo hupewa namba, na namba hiyo ndiyo kitovu cha mengine yote. Kutoka hapo hutoka fomu ya P3 anayoijaza daktari, na ile taarifa ya ajali ya polisi, abstrakti, yenye jina la mwenye gari na kampuni iliyomkatia bima. Sisi tulikuwa na kovu na picha moja ya eksirei. Kila alichouliza, tulisema hatuna.

Kisha nikamuuliza swali lililonileta: aliyegongwa na mtu asiyejulikana, nani humlipa? Nilidhani serikali ina fungu. Akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimisha kampuni ya bima kumlipa aliyejeruhiwa na gari iliyolikatia bima, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, hata kama dereva alikimbia. Kukimbia hakufuti bima. Lakini lazima gari lijulikane, kwa sababu kampuni inafuata gari. Gari lisilo na jina halina kampuni, na Kenya haina mfuko wa kuziba pengo hilo. Uingereza kampuni za bima zina chombo chao tangu 1946, Motor Insurers' Bureau, ambacho leo hulipa hata walioumizwa na madereva wasiopatikana. Afrika Kusini wana Road Accident Fund, inayokatwa kwenye bei ya mafuta. Kule, ukigongwa na gari lisilojulikana, una miaka miwili ya kupeleka dai lako. Hapa kwetu barabara zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa miaka ya karibuni, na majeruhi wa gari lisilo na jina huangukia ukoo wake.

Alitafuta milango mingine, haki yake tumpe. Aliuliza kama mpwa wangu ameajiriwa. Angekuwa anabeba mikate au gesi kwa pikipiki ya kampuni, ipo Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya 2007: mwajiri hulipa bila kuuliza nani aligonga, mradi dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Lakini hesabu ya jioni kwa tajiri, bila karatasi, bila mkataba, ni vigumu kuiita ajira. Aliuliza kama alikuwa na bima ya ajali ya mtu binafsi, ile ambayo vyama vingine vya boda huwakatia wanachama. Hakuwa nayo. Steji yetu ilikuwa na chama, na chama kilikuwa na fulana.

Halafu akauliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi, "Na pale barabarani, Mwalimu, hakuna kilichodondoka? Kipande cha taa, beji ya gari, chochote?"

Nikajibu hakuna.

Sikudanganya. Nilikuwa nimesahau, au tuseme sikuwahi kukihesabu kuwa kitu. Nilimjibu hivyo asubuhi, na alasiri nikarudi nyumbani, nikashuka stejini, nikajitazama kwenye kioo chini ya mwarobaini.

Alituambia jambo la mwisho kabla hatujaondoka. Dai la majeraha ya uzembe lina miaka mitatu tangu siku ya ajali. Ikipita, mlango unafungwa. "Kwa hiyo mna hadi Februari 2025," akasema. "Likipatikana jina, njooni hata kama ni usiku."

Wakati huohuo, kwenye steji ya jirani, ile ya karibu na sheli, mambo yalikuwa tofauti. Kijana wao aligongwa na Probox iliyokimbia vilevile. Wale wana mwenyekiti mwanamke, mama mwenye sauti na daftari. Alimpeleka mmoja na mgonjwa, mmoja akabaki kupiga picha kila kipande kabla hakijaguswa, na yeye mwenyewe akaenda sheli usiku ule ule kuomba picha za kamera, kwa sababu alijua kamera hizo hujifuta baada ya siku kadhaa. Herufi tatu za namba zilionekana. OB iliandikwa kabla ya saa nne usiku. Polisi walilipata gari gereji, likiwa linabandikwa bampa. Dereva akashtakiwa, akapatikana na hatia, na hatia ile, wakili aliniambia, ukiipeleka kwenye kesi ya madai huhitaji kuthibitisha upya kwamba alikosa.

Hata hapo palikuwa na shimo. Shangazi wa dereva alikuja na elfu ishirini na karatasi ya kutia kidole, "tuelewane kama majirani". Baadaye kampuni ya bima nayo ikatoa kiasi chake cha kwanza pamoja na hati ya kuachilia madai. Ukitia sahihi hati hiyo umemaliza. Mguu ukija kuoza mwaka unaofuata, ni mguu wako. Mama mwenye daftari akamkataza kijana asiguse kalamu mpaka daktari aseme mfupa umeunga au haukuunga. Wakapeleka notisi kwa kampuni mapema, maana bila notisi kampuni inaweza kusema haikujua kesi na ikakwepa kulipa. Dai lililo chini ya shilingi milioni moja linaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya 2016 inataja majeraha miongoni mwa mambo inayosikiliza, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, tena bila kukulazimisha kuwa na wakili. Yeye dai lake lilikuwa kubwa zaidi, akatumia wakili. Alicholipwa nakijua na sikisemi, ni chake. Nasema tu kwamba ana pikipiki yake mwenyewe na hapeleki hesabu kwa mtu.

Mpwa wangu hakupata tena kupiga pikipiki. Mguu wa kushoto ni mfupi. Anauza mitumba ya viatu sokoni Mtwapa, akiwa ameketi.

Juni 2025 nilinunua miwani mipya. Macho yangu ya karibu yalikuwa yamekwisha kabisa; hata simu nilikuwa nasomewa na wajukuu. Nikapita stejini, nikasimama kwenye kioo niione hiyo miwani inavyonikaa. Na pale chini, kwenye ukingo, palipokuwa na ukungu wa mafuta ya nywele na sabuni ya ndevu, nikaona mistari midogo. Nikapangusa kwa kidole gumba. Herufi tatu, tarakimu tatu, herufi moja.

Kila mwenye gari Kenya anajua jambo hili. Vioo vya pembeni huibwa, kwa hiyo watu huchoresha namba ya usajili kwenye kioo ili mwizi asipate wa kumuuzia. Mimi sijawahi kuwa na gari. Lakini wale vijana ishirini, ambao maisha yao yote ni barabara, wamenyolea ndevu juu ya namba ile siku elfu moja na mia mbili, na hakuna aliyeisoma. Au labda walioisoma walidhani ni jina la kiwanda.

Mtoto wa jirani aliitafuta kwa simu, kupitia eCitizen, kwa ada isiyofika hata shilingi elfu moja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Likatoka jina la mwenye gari. Pikapu, rangi nyeupe. Kwa sheria yetu aliyeandikwa kwenye usajili ndiye huhesabiwa mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo, hivyo hata kama alikwisha kuliuza, tungalikuwa na mlango wa kuanzia kubisha.

Nikakifungua kioo kwenye waya, nikakifunga kwenye gazeti, tukaenda Mombasa mimi na mpwa wangu. Wakili ni yule yule. Alikigeuza, akaisoma namba, akahesabu kwa vidole. Miaka mitatu na miezi minne.

Nikamuuliza kama hakuna ruhusa ya kuchelewa. Akasema ipo, nyembamba. Sheria ya ukomo wa madai, kifungu cha 27, inairuhusu mahakama kuongeza muda kwa mwenye majeraha ambaye mambo ya msingi ya dai lake yalikuwa nje ya ujuzi wake, na kutomjua tu wa kumshtaki si rahisi kukuingiza humo. Na hata ukiingia, mahakama itakuuliza ulichukua hatua gani za kuyatafuta, zile ambazo mtu wa kawaida angezichukua.

"Na hiki kioo, Mwalimu, miaka yote hii kilikuwa wapi?"

Mpwa wangu ndiye aliyejibu. "Stejini, dada. Kimetundikwa mtini."

Hakuandika chochote. Alikifunga tena kwenye gazeti, taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. Akatushauri twende polisi hata hivyo, tukio liandikwe, labda upande wa jinai upo wa kutazamwa. Tulikwenda. Askari wa zamu alikuwa kijana, akatusikiliza mpaka mwisho, akaandika. Alipofika mahali pa tarehe ya tukio aliuliza mara mbili, akidhani amesikia vibaya.

Kioo kimebaki kituoni kama kielelezo. Nilirudi stejini jioni ile nikawaeleza vijana kilichotokea, wote, na nikawaambia ni nani aliyesema tusiende polisi. Nao sasa wana daftari. Wamenunua na kioo kipya sokoni, shilingi mia na hamsini.

Kama una jamaa anayepiga boda, mpigie leo. Muulize leseni yake inaisha lini, chombo kina bima ya nani, na stejini kwao nani atabaki barabarani wengine wakimkimbiza mgonjwa.